Mtoto mchanga mwenye VVU: dawa zianze lini, na kinga yake itakuwaje akikua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa akina mama, baba, bibi na walezi wengine wa watoto waliozaliwa na mama mwenye VVU. Tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Dozi ya mtoto wako na tarehe zake za vipimo utapangiwa kliniki anakohudhuria, maana uzito wake na historia yake wanavijua wao.

Majibu yametoka, mwanangu wa miezi 2 ana VVU. Lakini ananyonya vizuri, uzito unapanda, haugui. Hatuwezi kusubiri kidogo?

Hapana. Aanze dawa siku hiyo hiyo, na ikishindikana kabisa, isipite wiki. Bila dawa, karibu theluthi moja ya watoto walioambukizwa na mama zao hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na zaidi ya nusu kabla ya miaka 2. Hatari huwa kubwa zaidi mtoto akiwa na miezi 2 au 3, na mara nyingi kinachomchukua ni nimonia inayompata ghafla mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa mzima.

Huko kusubiri huku tukimwangalia kulishajaribiwa. Afrika Kusini, huko Soweto na Cape Town, ulifanyika utafiti uitwao CHER. Watoto walikuwa na umri wa wiki 6 hadi 12, wote wana VVU, na wote CD4 zao (seli za kinga ambazo VVU hushambulia) zilikuwa asilimia 25 au zaidi, yaani kinga ilikuwa bado nzuri. Kundi moja lilianza dawa mara moja. Jingine lilisubiri mpaka CD4 zishuke au dalili zijitokeze, kama mwongozo wa wakati ule ulivyotaka. Mwaka 2007 wasimamizi wa usalama wa utafiti waliingilia kati, kwa sababu tofauti ilikuwa imeshaonekana: kati ya watoto 125 waliosubirishwa, 20 walikuwa wamefariki, kati ya 252 walioanza mapema, 10. Ni asilimia 16 dhidi ya 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, WHO, likaelekeza kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja aanzishiwe dawa bila kuangalia CD4 wala dalili.

Na wale waliosubirishwa hawakuwa wametelekezwa. Walikuwa wanaonwa na madaktari wa utafiti kwa ratiba, wakipimwa na kutibiwa, na bado walifariki. Kama wao hawakuweza kuiona hatari ikija, mimi na wewe nyumbani tutaionaje?

Mbona mimi nilikaa miaka mingi bila dawa na sikuugua? Kwa nini mtoto asiweze?

Kwa sababu virusi vilikukuta ukiwa na kinga iliyokwisha kamilika. Kinga ya mtu mzima ni nyumba iliyoezekwa. Ya mtoto mchanga bado iko kwenye msingi, na mafundi wako kazini.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Kwa mtoto mchanga ni kubwa na inafanya kazi usiku na mchana kutengeneza seli T, na CD4 ni miongoni mwake. Ukubwani tezi hiyo husinyaa. Ndiyo maana mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye afya huwa na CD4 zaidi ya 1,500 kwa kila mikrolita ya damu, idadi ambayo kwa mtu mzima ingeonekana ni nyingi sana. Kwa hiyo ukisikia mtoto ana CD4 700 usifurahi kwa kulinganisha na zako. Kwake 700 ni chache, na ndiyo sababu wahudumu hupenda kuangalia asilimia kuliko idadi.

VVU hushambulia CD4 na huvuruga hata thaimasi yenyewe. Tena kwa mtoto mchanga virusi huzaliana kwa kasi, kiasi kwamba wingi wake kwenye damu unaweza kupita milioni moja kwa mililita, kwa kuwa mwili wake haujajifunza kuvizuia. WHO humhesabu kila mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye VVU ambaye hajatulia kwenye dawa kuwa ana ugonjwa uliokomaa, hata akiwa amenenepa.

Akianza mapema, kinga yake itakuwa kama ya watoto wengine?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, mradi dawa zinywewe kila siku na virusi vifubae. Mtoto aliyeanza katika miezi ya kwanza huilinda thaimasi yake, CD4 zake hukaa kwenye kiwango cha umri wake, na zile seli changa ambazo hazijawahi kukutana na ugonjwa wowote hubaki nyingi. Hizo ndizo akiba yake kwa magonjwa atakayokutana nayo akiwa na miaka 10, 20 au 40.

Faida ya pili haionekani kwa macho. VVU vikiingia mwilini, baadhi hujificha ndani ya seli na kulala humo. Dawa haziwezi kuviondoa vilivyolala. Kadiri dawa zinavyochelewa, ndivyo hifadhi hiyo inavyojaa; zikianza mapema hubaki ndogo, na kwa baadhi ya watoto huwa ndogo mno hata vipimo vikashindwa kuiona kwa urahisi.

Ya tatu ni ubongo. Watoto wa CHER walioanza mapema, walipopimwa maendeleo yao wakikaribia kutimiza mwaka, walikuwa mbele ya waliosubirishwa, hasa katika mijongeo ya mwili. Mama wengi huuliza CD4 na kusahau kuuliza kama mtoto anakaa, anatambaa na anaitika jina lake kwa wakati. Uliza na hilo.

Chanjo zitamkinga sawasawa?

Hapa ndipo muda unapoonyesha nguvu yake wazi kabisa. Chanjo haifanyi kazi siku ya sindano tu. Inaacha kumbukumbu kwenye seli ziitwazo seli B za kumbukumbu, ambazo hutunza taarifa za surua, pepopunda na mengineyo kwa miaka. VVU huziharibu seli hizo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden na Italia walichapisha kazi iliyowalinganisha watoto walioanza dawa ndani ya mwaka wa kwanza na walioanza baadaye. Wote walikuwa kwenye dawa. Walioanza mapema walikuwa na seli B za kumbukumbu karibu kama watoto wasio na VVU, na kinga ya chanjo zao ilidumu. Waliochelewa, hata virusi vilipofubaa, kumbukumbu haikurudi vizuri, na wengi kinga ya chanjo za utotoni ilikuwa imeporomoka.

Kwa mama hii ina maana mbili. Usiruke chanjo hata moja kwenye kadi ya kliniki. Na kama mtoto alianza dawa akiwa ameshapata chanjo ya surua, muulize mhudumu kuhusu dozi ya nyongeza baada ya CD4 kupanda, WHO inaipendekeza.

Apimwe lini? Na kwa nini hawatumii kile kipimo cha haraka cha kidoleni?

Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, zile silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, si virusi vyenyewe. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na zinaweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18. Kwa hiyo kipimo hicho kikisema “ana” kwa mtoto wa miezi 4, huenda kinamsema mama.

Mtoto hupimwa kwa PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi. Hutobolewa kisigino, na matone ya damu hudondoshewa kwenye vimiduara vilivyochorwa kwenye karatasi maalumu. Kila kimiduara kinatakiwa kijae, kisha karatasi ikauke vizuri kabla ya kufungwa. Ikifungwa mbichi, au damu ikiwa haba, sampuli hukataliwa na mtoto hutobolewa upya. Ukimwona nesi anasubiri tone likue kabla hajaligusisha kwenye karatasi, mwache, anafanya kazi yake.

PCR ya kwanza huwa wiki ya 4 hadi 6, na walio kwenye hatari kubwa hupimwa tangu kuzaliwa. Baada ya hapo nchi hutofautiana kidogo: Kenya hurudia miezi 6 na 12, Tanzania miezi 9, na kote mtoto hapewi jibu la mwisho mpaka kunyonya kumalizike. Jibu la “hana” la wiki ya 6 ni la wiki ya 6.

Ucheleweshaji mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kati ya karatasi hiyo kuondoka kituoni na jibu kumfikia mama. Baadhi ya vituo vina mashine inayotoa jibu siku hiyo hiyo, zikiwemo zile za GeneXpert zinazopima pia kifua kikuu. Kama chako hakina, acha namba ya simu inayopatikana, andika tarehe ya kurudi, na ukiona wiki 4 zimepita kimya, nenda ukaulize. Usingoje kuitwa.

Alipewa nevirapini tangu siku aliyozaliwa. Si ndiyo tayari yuko kwenye dawa?

Hapana. Ile ni kinga ya kuzuia maambukizi. Kama ameshaambukizwa, nevirapini peke yake haimtibu. Virusi huizoea upesi ikawa haina kazi tena. Inaweza pia kuvipunguza virusi kiasi kwamba PCR ya mwanzo isivione, na hii ni sababu nyingine ya kurudia vipimo. Akithibitika, anahamishiwa kwenye matibabu kamili ya dawa tatu.

Wamechukua damu mara ya pili kuhakikisha. Nisubiri jibu la pili ndipo nianze?

Usisubiri. Anza dawa siku inapochukuliwa damu ya pili. Likitoka jibu tofauti, kliniki itachunguza tena na kuamua. Dawa za wiki chache kwa mtoto ambaye pengine hana ni madhara madogo kuliko wiki chache bila dawa kwa mtoto ambaye anavyo.

Ni dawa gani, na nampaje mtoto asiyejua kumeza?

Zamani ilikuwa taabu. Dawa ya maji ya lopinavir ilikuwa chungu kiasi kwamba mtoto akiiona chupa tu anaanza kulia, na ilihitaji kutunzwa kwenye baridi. Siku hizi ipo dolutegravir ya watoto ya miligramu 10, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji, kinachoruhusiwa kuanzia wiki 4 na kilo 3. Huambatana na kidonge cha abakavir na lamivudini. Akifikisha kilo 6, kipo kidonge kimoja kinachounganisha zote tatu, chenye ladha inayovumilika. Kichanga wa chini ya wiki 4 kwa kawaida huanzishiwa dawa nyingine, kisha hubadilishiwa.

Weka idadi ya vidonge uliyoelekezwa kwenye kikombe kidogo kisafi, mimina maji safi kiasi ulichoelekezwa, tikisa mpaka vivunjike vyote. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanafaa pia. Mpe kwa kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, amekaa nusu wima. Halafu tia maji kidogo tena kwenye kikombe kile kile, zungusha, umpe na hayo, kwa sababu unga wa dawa hubaki chini. Hatua hii ndogo hurukwa sana, na mtoto hukosa sehemu ya dozi yake kila siku bila mtu kujua. Dawa ikishayeyuka inywewe ndani ya nusu saa. Usiyeyushe usiku ya asubuhi.

Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi. Ikiwa anatumia dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, mwambie mhudumu, kwani huzuia dolutegravir kufyonzwa na saa zake hupangwa mbali. Akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dolutegravir hutolewa mara mbili kwa siku.

La mwisho hapa ni uzito. Dozi hufuata kilo, na mtoto mchanga hubadilika haraka. Kwa kile kidonge cha pamoja, mwenye kilo 6 hupewa 3, mwenye kilo 10 hupewa 4. Ukikosa mahudhurio mawili ya kliniki, mtoto anaweza kuwa anakunywa dozi ya mtoto mdogo kuliko yeye.

Ameanza dawa, wiki ya tatu kwapa limevimba. Dawa zinamdhuru?

Inawezekana ni BCG, ile chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa. Kinga ikianza kuamka huona mabaki ya chanjo na kuyashambulia, kwapa la upande ule ule wa sindano likavimba, pengine likatoa usaha. Mpeleke aonwe, usimwachishe dawa. Watoto wa CHER walioanza mapema walipata tatizo hili kwa uchache kuliko waliochelewa.

Mwanangu alianza dawa akiwa na wiki 8. Sasa ana miaka 2, tumepima kipimo cha haraka, kinasema hana VVU. Amepona?

Hajapona. Tafadhali usimwachishe dawa.

Kilichotokea ni hiki: kingamwili za mama zimekwisha, na kwa kuwa dawa zilivifunga virusi mapema sana, mwili wa mtoto haukupata nafasi ya kutengeneza kingamwili zake. Kipimo cha haraka hakina cha kuona. Virusi vilivyolala vipo, na dawa zikiachwa kwa kawaida huamka ndani ya wiki au miezi michache.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalowarudisha watoto nyuma. Jirani anasema mpime tena, kituo cha mtaani kisichojua historia kinapima, furaha inaingia nyumbani, pengine na ushuhuda unatolewa ibadani, vidonge vinawekwa kabatini. Mtoto ambaye PCR yake ilithibitisha VVU na yuko kwenye dawa hapimwi tena kwa kipimo cha haraka. Anapimwa wingi wa virusi. Ukiombwa kumpima, onyesha kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU.

Lakini kuna mtoto wa Marekani aliyeacha dawa na virusi havikurudi.

Vilirudi. Alizaliwa Mississippi mwaka 2010, akaanzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa, na alipofika miezi 18 hivi akapotea kliniki. Aliporudishwa, madaktari hawakuviona virusi, na mwaka 2013 habari ikatangazwa ulimwenguni. Julai 2014, baada ya miezi 27 bila dawa, virusi vikaonekana tena na akarudi kwenye dawa.

Wapo wachache waliokaa muda mrefu zaidi. Mmoja ni wa Afrika Kusini, katika ule ule utafiti wa CHER: alitumia dawa wiki 40 tu, na hadi mwaka 2017 alikuwa amekaa miaka 8 na nusu bila dawa na bila virusi kuibuka. Wenzake wengi walioachishwa kwenye utafiti huo hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2024 ilitangazwa pia kwamba kati ya watoto 6 walioanza dawa ndani ya saa 48 za kuzaliwa na kuachishwa chini ya uangalizi, 4 walikaa zaidi ya wiki 48 bila virusi kurudi. Mmoja wa hao 4 vilimrudia wiki ya 80. Hawa wote walikuwa wakipimwa mara kwa mara na watafiti wakiwa tayari kurudisha dawa. Ni habari njema kwa sayansi, na inaonyesha siku za kwanza zina uzito gani. Siyo ruhusa ya kujaribu nyumbani.

Wangu aligunduliwa akiwa na miaka 6. Nimemharibia?

Aanze sasa, na utamwona akibadilika. Thaimasi ya mtoto wa miaka 6 bado ina kazi, CD4 zitapanda na ataanza kurefuka. Ukweli mwingine ni kwamba watoto walioanza wakubwa na CD4 za chini sana, wakiwemo waliofuatiliwa kwa miaka kwenye utafiti wa ARROW nchini Uganda na Zimbabwe, wengi hawakufika kiwango cha kawaida kabisa. Kwa hiyo yeye anahitaji jicho la karibu zaidi kwenye kifua kikuu, chanjo za kurudia na shule. Na wadogo zake na kaka zake wapimwe wiki hii.

Niendelee kumnyonyesha?

Ndiyo. Mtoto aliyethibitika kuwa na VVU anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Na wewe uendelee na dawa zako.

Baba yake na mama mkwe hawajui. Dawa nitazificha wapi?

Swali hili linachelewesha watoto wengi. Hatutakuambia “waambie tu”, maana kuna nyumba ambazo neno hilo linamtoa mama nje usiku huo huo. Mwambie mshauri wa kliniki ukweli wa nyumbani kwako. Wanaweza kumwita baba kwa upimaji wa wenza bila kutaja kuwa wewe umeshapima, au kukuunganisha na mama mwenzako mwenye VVU aliyepita njia hiyo. Wakati huo mtoto asikose dozi: hamishia vidonge kwenye chupa isiyo na maandishi kama ni lazima, chagua saa ambayo huwa peke yako naye, na mpate mtu mmoja mnayeaminiana atakayempa siku unayosafiri.

Miezi 6 ya dawa na wingi wa virusi bado haujashuka chini kabisa. Dawa zimeshindwa?

Si lazima. Kichanga huanza na virusi vingi mno, na kushuka huchukua muda mrefu kuliko kwa mtu mzima. Kabla ya kulaumu dawa, hakiki mambo matatu: dozi inalingana na kilo zake za leo, masalia ya kikombe yanasuuzwa, na nani humpa siku ambazo haupo. Baada ya ushauri hupimwa tena, na vikibaki juu ndipo hubadilishiwa.

Septrini ataacha lini?

Septrini ni dawa ya kumkinga na maambukizi mengine. Huanza wiki ya 6, na yeye haiachi kwa sababu tu CD4 zimepanda. Utafiti wa ARROW uliwaachisha baadhi ya watoto waliokuwa wametulia kwenye dawa, na waliobaki nayo walilazwa mara chache zaidi, hasa kwa malaria na maambukizi mengine. Kwa mtoto anayeishi kwenye mbu wengi, muachie mhudumu wa kliniki ndiye aamue.